Gari Tuliloliziba Matundu

Shungimbili, jioni

Mwanangu Idrisa,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila mgongo unanisumbua, na hilo unalijua tangu zamani. Barua hii anakuletea Hamadi wa boti la barafu, ambaye atafika Kilindoni alfajiri kabla hujapanda boti la Nyamisati. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu mwingine, hata mama yako. Si kwamba kwake ni siri. Yaliyomo humu yeye anayajua kuliko mimi, isipokuwa neno moja. Ila nataka uisome peke yako, ukiwa umekaa.

Nilitaka nije nikuage mwenyewe, tajiri amekataa. Dagaa wameingia wengi, wachemshaji tuko wachache, na amesema anayeondoka asirudi tena. Siku hizi sina umri wa kumjibu mtu maneno kama hayo. Kwa hiyo nakuaga kwa kalamu, na unajua mimi na kalamu. Shule niliiacha darasa la tano kule Pangani. Ukikuta nimekosea, pita uendelee.

Mambo ya kula, kusali, kulala na kuchagua watu wa kwenda nao, mama yako amekwishakwambia, najua, na ameyasema vizuri kuliko ningeyasema mimi. Sitayarudia. Mimi nataka kukuandikia habari za gari.

Nilipokuja nyumbani kwa sikukuu ulinionesha picha kwenye simu. Gari la Kijerumani, la kifahari, milango miwili, viti vya ngozi, paa linajikunja lenyewe nyuma. Kuukuu, lakini linang'aa. Ukasema mwenye nalo yuko Dar, ana shida zake tu, ndiyo maana analitoa kwa bei ya kutupa. Ukanieleza na mpango wako. Ile kozi ya majokofu uiahirishe. Ada uliyoiweka kwa miaka yote ya kubeba mitungi ya hewa ya wazamiaji kule Utende uitangulize kwenye gari, na kilichobaki ulipe polepole. Gari lifanye kazi za harusi na za watu wa kupiga picha, halafu gari hilohilo likulipie chuo mwaka ujao. Ulikuwa unaongea haraka, umeinamia simu, na mimi nikakurudishia nikasema, "Zuri." Nikatoka nje nikajifanya natazama kuku.

Juzi ukanitumia ujumbe kwamba unaondoka kwenda Dar, unaomba radhi yangu, na gari nalo niliombee. Niliusoma nikiwa juu ya tuta la mchanga, ndipo pekee mtandao unaposhika huku kisiwani. Nikashindwa kujibu. Simu haitoshi kwa jambo hili. Ungesema "sawa baba, sawa baba," nami ningekata nikarudi kwenye masufuria yangu.

Mpango wako huo, mwanangu, ni wangu. Sikukufundisha, lakini ni wangu kabisa. Harusi, picha, gari lijilipe lenyewe. Nilikuwa na umri unaozidi wako kidogo nilipousema kwa mama yako, na yeye alinisikiliza kama mimi nilivyokusikiliza wewe.

Unajua tuliwahi kuwa na gari. Una ile picha umekalishwa juu ya boneti na kanzu yako ndogo. Mwaka jana nilikuwa chumbani navaa, nikakusikia barazani unawaambia wenzako, "Mzee wangu alikuwa na gari la spoti, kisiwa kizima hakuna mwenzake." Mmoja akauliza, "Sasa lilikwenda wapi?" Ukamjibu, "Aliliuza." Nilisikia, na sikutoka kukusahihisha. Nilifurahi. Mtu anayebeba matenga ya dagaa kwa ajili ya tajiri kijana ambaye yeye anamzidi umri mara mbili hufurahi akisikia mwanawe anamtaja hivyo. Nikakuacha uamini. Naona sasa kwamba kama ningetoka siku ile nikasema ukweli, huenda picha ile ya kwenye simu usingeitazama mara ya pili.

Sikuliuza. Ngoja nikueleze lilivyokuja na lilivyokwenda.

Wakati ule nilikuwa mtu. Nilikuwa na hisa kwenye mashua yenye mashine, nahodha ni mimi mwenyewe, na pweza na ngisi walikuwa wananunuliwa hapohapo pwani kabla hawajakauka. Lakini nilikuwa na kidonda kimoja. Kwa wakwe zangu niliitwa mtu wa kuja. Hawakuwa wabaya, walinipa binti yao, walinikaribisha kula. Ila kila palipokuwa na shauri la ukoo, mtu alisema, "Na huyu mtu wa kuja, anasemaje?" na wote wakacheka, nami nikacheka. Nilikuja na dago, kambi ya wavuvi, na machoni mwao nilikuwa bado mtu wa dago, ambaye siku yoyote angeweza kukunja nyavu akaondoka.

Nikaenda Dar kununua nyavu. Nikapita Mbagala, kwenye uwanja wa kuuzia magari makuukuu. Lilikuwa mbele kabisa, jekundu, limelala chini. Dalali mwembamba alikuwa analifuta kwa kitambaa. Akaniambia, "Bosi, karibu. Usiliguse kama unaogopa kulipenda."

Hakuna aliyewahi kuniita bosi. Akasema lilikuwa la balozi, na balozi alikuwa akiliendesha Jumapili peke yake. Akasema gari kama hili likiwa jipya hata waziri anafikiria mara mbili, na leo mimi nimesimama mbele yake na hela mfukoni. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililoniponza. Nililitazama kwa bei liliyokuwa nayo zamani. Sikufikiri kwamba gari linaweza kuporomoka bei lakini spea zake zikabaki palepale juu, kwa bei za balozi. Hakuna aliyenidanganya kwa hilo. Sikuuliza tu.

Nilipofungua boneti, joto lilinipanda usoni. Alikuwa ameniambia halijawashwa tangu jana. Nilipaswa kujiuliza joto lile limetoka wapi. Injini iliyochoka ikishapata moto hutulia, kelele zake za asubuhi huzisikii wala moshi wake wa kwanza huuoni. Haya nimekuja kuyajua baadaye. Siku ile aliwasha, ikanguruma, na mngurumo ukaniingia kifuani.

Nikalikagua kama ninavyokagua chombo. Niligonga ubavu kwa kifundo cha kidole nikasikiliza. Nikainama kutazama chini, nikanusa. Kwenye mashua, mbao zikiwa nzima na mkuku, ule uti wa chini, ukiwa mzima, umepata mashua, mengine utanunua. Nikadhani na gari ni hivyo. Palikuwa na fundi mmoja ana kimashine cha kupimia, akaniuliza kwa upole kama nataka akichomeke tuone kompyuta ya gari inasema nini. Dalali akacheka. "Unampima presha mgonjwa gani? Huyu bwana ni nahodha, anajua injini kuliko wewe." Na mimi nikacheka. Nikamwambia fundi asijisumbue. Unaona jinsi nilivyokamatwa? Aliniita kwa kile ninachokijua, nikaona aibu kuuliza nisichokijua.

Nyavu sikununua.

Tulilivusha kutoka Nyamisati juu ya boti la mizigo, limefungwa kamba kama ng'ombe. Wakati wa kulishusha Kilindoni, tumbo lake lilikwaruza mbao kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana liko chini, na mawimbi yalilirushia chumvi njia nzima. Watu walijaa. Mzee mmoja muuza kahawa alilitazama kwa utulivu akasema, "Bakari, sasa hili ni gari au samaki nyenga? Limelala mchangani, macho tu ndiyo yako juu." Watu wakacheka, na tangu siku ile likaitwa Nyenga. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama yako alitoka mlangoni, akalizunguka mara moja, akaniuliza, "Baba Idrisa, sisi wanne pamoja na bibi, na viti viwili. Nani anabaki?"

Nikamweleza mpango. Harusi, picha, lijilipe lenyewe.

Nisiwe mwongo, kulikuwa na siku nzuri. Harusi ya kwanza tulikwenda kumchukua bibi harusi paa likiwa wazi, na akina mama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Baba mkwe wangu alikaa kando yangu siku moja mpaka Utende na kurudi. Alipoona watu alinyanyua mkono. Siku ile sikuwa mtu wa kuja. Kama ungeniuliza nilinunua nini Mbagala, ningekwambia nilinunua mkono ule wa mzee kunyanyuka. Na sidhani kama wewe, kwa kuwa ni mwanangu, unanunua kitu tofauti. Ila barabara yake ilikuwa moja tu, ya lami. Harusi ya Bweni ilipotuita, nililifikisha mpaka Kirongwe, mbele kidogo likakaa juu ya jiwe, na bibi harusi wa watu akachukuliwa kwa pikipiki.

Masika yakaja. Paa likaanza kuvuja. Lilikuwa la turubai, na kuukuu. Hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo hata mafundi wa Dar nilipowahadithia walishika vichwa.

Mjomba wako Athumani, unajua, ameoa Jibondo na uundaji wa vyombo amejifunza huko. Nilimwita. Alikuja na patasi yake, na pamba, na kopo la sifa, yale mafuta ya maini ya papa tunayopaka mashua. Akalikagua gari kwa makini kabisa, mpaka akalala chali chini yake. Nikamsikia anaita kutoka kule chini, "Shemeji, chombo gani hiki? Kina matundu tumboni!" Nikainama, nikaona kweli. Vitundu vidogo, vingine chini ya milango, vingine nyuma ya viti. Nikaona aibu, kana kwamba nimenunua mashua iliyotobolewa. Mjomba akayatia kalafati yote. Pamba, sifa, pamba, sifa, akagongagonga kwa nyundo mpaka yakajaa. Akashona paa, akalipaka sifa nalo. Alipomaliza akalipiga gari kofi ubavuni akasema, "Hili sasa hata ukilitia majini linaelea."

Tulikula wali na pweza siku ile, tukamshukuru.

Matundu yale, mwanangu, yalikuwa ya kutolea maji. Gari la paa la aina ile hunywa maji kwenye mikunjo yake, lina mifereji ndani ya bodi, na maji hushuka taratibu yakatokea chini. Tulikuwa tumeufunga mlango wake wa kutokea. Mvua ikanyesha, maji yakashuka kama kawaida yake, yakafika chini yakakuta pamba. Yakakaa. Chini ya zulia, chini ya viti, mahali walipoweka kontrol boksi, ubongo wa umeme wa gari, na nyaya zote. Juu pakavu, ukikaa huoni kitu. Mimi nilikuwa nasifu kazi ya mjomba.

Kwanza ilikuwa harufu. Shangazi wa bibi harusi mmoja alishuka ameshika pua, akaniuliza kama nilitumwa kuchukua harusi au kuchukua papa. Nikajua ni sifa, sikuwaza maji. Kisha taa zikawa zinawaka zenyewe. Honi ikawa inalia usiku, majirani wanaamka. Vioo vinashuka mvua ikinyesha, vinapanda ukitaka hewa. Watu wakasema Nyenga ana jini. Nami, Mungu anisamehe, nilikwenda kwa maalim nikamwomba aje asome. Alikuja, akaweka kiganja kwenye dirisha, honi ikalia, akarudi nyuma hatua kubwa. Akasema, "Bakari, mimi hili silisomei. Lipeleke kwa fundi."

Sikulipeleka. Fundi wa kujua gari lile alikuwa Dar, na kumleta kulikuwa na gharama. Nikasema jua likitoka litakauka.

Jua likatoka. Ndiyo siku yenyewe ninayoiandikia barua hii, na mkono wangu umekuwa mzito kuifikia.

Ulikuwa mdogo, hujaanza hata chuo cha Kurani. Ulikuwa unapenda kupanda mle ndani kushika usukani. Mchana ule niliuacha mlango wazi natengeneza wavu barazani, ukapanda, ukajifungia mlango, ukalala. Sikuwa na wasiwasi, nilikuwa nakuona. Halafu nikasikia "tak." Gari limejifunga lenyewe. Nikabonyeza rimoti, kimya. Nikatia ufunguo mlangoni, chumvi ilikuwa imekwishaila kitasa, haugeuki. Ukaamka. Ukavuta mkono wa mlango kwa ndani, haufungui, ndivyo yalivyoundwa magari yale, yakijifunga yamejifunga. Jua la saa saba, rangi nyekundu, vioo vimepanda mpaka juu.

Nilikwambia utulie. Nilizunguka mlango huu na huu. Nilituma watu wakamwite fundi wa pikipiki. Niliita bisibisi, niliita chuma. Na wakati wote huo, Idrisa, kisu changu kilikuwa kiunoni. Kisu cha kuparia samaki, nilichokuwa nakatia nyuzi za wavu dakika ile ile. Na paa lilikuwa turubai.

Sikukata.

Nilikuwa nalifikiria paa. Lilikuwa limeshonwa juzi. Nilikuwa nafikiria kwamba turubai kama lile, hata kioo kama kile, kisiwani havipo, na Dar huenda havipo. Nilikuwa na harusi Ijumaa. Wewe umeweka viganja vyote viwili kwenye kioo unanitazama, jasho linakutiririka, unaita "baba." Kisha ukaacha kuita. Kuacha kule kuliniogopesha kuliko kilio, na bado mkono wangu haukwenda kiunoni. Siwezi kukwambia ni muda gani. Kila nikikumbuka, unakuwa mrefu zaidi.

Mama yako alitokea kisimani na ndoo. Hakuuliza kitu. Aliitua ndoo, akachomoa kisu kiunoni mwangu, akapanda juu ya boneti kwa miguu yenye tope, akalipasua paa lile kutoka upande huu mpaka upande huu. Akaingiza mikono, akakuvuta kwa makwapa. Ulikuwa mlegevu. Akakuweka chini kivulini, akakumwagia maji ya ndoo, akakupepea kwa kanga, anakuita jina lako kwa sauti ya kawaida kama anayemwita mtu aje kula. Ulipokohoa na kulia, ndipo akageuka akanitazama.

"Ulikuwa unasubiri nini?"

Niliinama nikaokota ndoo. Hajauliza tena mpaka leo, na mimi sijamwambia. Nakwambia wewe kwanza, maana wewe ndiye uliyekuwa kwenye kioo. Nilikuwa nalihurumia paa.

Pengine unadhani baada ya siku ile nililisukuma baharini. Ningekuwa mtu mwenye akili. La, nilizidi kuling'ang'ania. Kama ningeliacha, basi ningekuwa nimekuweka wewe kwenye hatari kwa ajili ya kitu cha kutupwa. Lazima lipone, lirudi barabarani, liwe zuri, ili niweze kujiambia kwamba nilikuwa na sababu. Sijui kama unanielewa. Hicho ndicho ninachokiogopa kwako kuliko breki na gia boksi. Gari la namna ile likishakula sehemu ya kwanza ya hela zako, unalilisha ya pili ili ya kwanza isipotee.

Nikaenda kwa mama yako kuomba minazi yake ya Bweni, aliyoachiwa na bibi yake, niiweke rehani. Unajua mambo yetu. Anayeshika rehani ndiye anayekula nazi mpaka siku utakayoikomboa. Nikamwambia msimu mmoja tu. Alikuwa anakuna nazi, hakuinua uso. "Minazi ni yangu na wewe ni mume wangu," akasema. "Nikikataa, utasema mimi ndiye niliyekuangusha. Chukua."

Fundi akaja kutoka Dar. Akainua zulia, akaniita nije nione. Maji yalikuwa yamejaa mle ndani, meusi, na vitu vinaogelea. Akaingia chini, akachokoa pamba moja, na maji yakamiminika kama bomba. Mjomba Athumani alikuwepo. "Mimi niliziba ili yasiingie," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haki. Fundi akamjibu kwa heshima, "Mzee, hayo yalikuwa ya kutokea." Mjomba akaenda kukaa mbali. Hakuna aliyemlaumu. Alifanya vizuri kabisa kazi aliyoijua, juu ya kitu asichokijua, na mimi ndiye niliyemwita.

Fundi akabadilisha kontrol boksi kwa nyingine kuukuu. Taa zikatulia. Lilipowashwa, pampu ya mafuta ikaonekana imekufa. Pampu ilipopona, injini ikapata nguvu, na gia boksi iliyokuwa imechoka haikuzihimili. Kila kilichotengenezwa kilikifichua kingine. Nikauza hisa yangu ya mashua. Mwishowe likasimama pale uani, paa limepasuka. Kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva, na tulikula mayai yake, hiyo ndiyo faida niliyoiona. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipofika, walilipakia vipandevipande. Wewe ulikuwa umetoka na bibi. Uliporudi ukauliza, nikasema nimeliuza.

Minazi haikukombolewa. Mama yako hununua nazi sokoni Kilindoni, na nyingine hutoka Bweni kwenye minazi yake mwenyewe, anajua na muuzaji anajua. Huipima mkononi, analipa, anaondoka. Na mimi ndiyo maana niko huku, mwanangu. Umekua ukiambiwa baba yako anapenda dago. Hakuna mtu wa umri wangu anayependa dago.

Sasa sikukatazi. Hela ni zako, umezibeba kwa mabega yako, na mimi si mtu wa kukukataza gari. Lakini kama utakwenda kulitazama, nenda asubuhi bila kumpa mwenye nalo taarifa, na kabla hujasalimiana uweke kiganja kwenye boneti. Liwe la baridi. Inua zulia lake, kandamiza kwa ngumi, unuse. Muulize maji yake yanatokea wapi, uone kama anajua. Mchukue fundi wako mwenyewe, mlipe wewe, na akitaka kulipima, mwache alipime hata kama dunia nzima inakucheka. Kisha muulize fundi huyohuyo kifaa chake kimoja tu, chochote, kinapatikana wapi na kwa shilingi ngapi, kabla hujauliza bei ya gari. Na muuzaji akikuita bosi, kaa chini kwanza.

Jambo jingine si la ufundi. Jiulize ni nani unataka akuone ndani yake. Mimi nilikuwa na jibu na sikuthubutu kulisema. Kama ni kwa sababu yangu, kama unataka urudishe kitu ambacho unadhani baba yako alikuwa nacho akakipoteza, basi sasa umejua kilikuwa nini. Chuo cha majokofu hakina vigelegele, najua. Lakini barafu hii anayoileta Hamadi hapa inatoka mbali, inafika nusu imeyeyuka, na kila siku tunamwaga samaki ambao watu wamewakeshea. Sisemi zaidi, nisije nikaanza kukuhubiria.

Umeniomba radhi. Radhi yangu unayo. Nimekupa yote, ukilinunua gari na usipolinunua, sikuifunga kwenye gari. Baba anayeishika radhi ili mtoto afanye anavyotaka yeye, huyo ananunua kitu, na mimi nimeacha kununua.

Ila kwetu radhi huombwa na mtoto kwa mzazi, na nimekaa hapa tangu alasiri nikijiuliza kama mzazi naye anaweza kuiomba. Sijui wanazuoni wanasemaje. Mimi naiomba. Kwa ule muda niliosimama na kisu kiunoni wewe ukinitazama. Hukumbuki, na mtu hawezi kusamehe asichokikumbuka, ndiyo maana nimekuandikia yote.

Ijumaa baada ya sala nitapanda kwenye tuta, nitakuwa na simu mkononi. Ukipiga, sitakuuliza habari za gari. Ukisema umelinunua, nitapokea. Ukisema umelipa ada, nitapokea. Ninachokisubiri kukisikia ni kingine, na kama huna bado, usikiseme kwa kunionea huruma. Sema tu umefika salama, nami nitasubiri Ijumaa nyingine.

Ni mimi baba yako,
Bakari